Kusoma fomu ya farasi kabla ya kubeti: maswali tunayoulizwa sana Mtwara na Lindi

Mtwara haina uwanja wa mbio za farasi, Lindi pia haina. Lakini pita jioni kwenye maduka ya kubeti karibu na stendi au sokoni, utakuta watu wamekazia macho televisheni, farasi wa Uingereza au Afrika Kusini wanatimua vumbi. Wengi waliokaa pale wamechagua kwa jina, kwa rangi ya shati la mpandaji, au kwa sababu odi, yaani bei inayolipwa farasi akishinda, ni kubwa. Inaniuma, kwa sababu mbio za farasi ni mchezo unaotoa taarifa nyingi sana kabla haujaanza, na taarifa zile zinasomeka. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara.

Farasi ninaowaona pale kwenye skrini ni wa kweli?

Anza na swali hili kabla ya mengine yote. Maduka mengi huonyesha mbio za aina mbili, na ukizichanganya, kila utakachojifunza hapa chini kitakupotosha.

Aina ya kwanza ni mbio za kompyuta. Zinakuja kila baada ya dakika chache, mchana na usiku, hazisubiri mvua wala farasi mkorofi anayegoma kuingia getini. Mshindi anapatikana kwa namba nasibu inayotolewa na programu, na picha unayoona inachorwa kulingana na jibu ambalo limeshatoka. Farasi huyo hana miguu, hachoki, hana jana. Hata ukionyeshwa "matokeo yake matano ya mwisho", matokeo hayo hayasemi lolote kuhusu mbio ijayo. Ukimwona mtu ameandika daftari zima la namba za mbio hizo akitafuta mpangilio, mwambie kwa upole aache.

Aina ya pili ni mbio za kweli. Zina jina la uwanja unaojulikana, kama Ascot na Chester za Uingereza, au Greyville na Turffontein za Afrika Kusini. Zina saa rasmi, na mara nyingi huchelewa. Kuna farasi huondolewa asubuhi kwa sababu amechechemea. Kati ya mbio moja na nyingine kwenye uwanja uleule hupita kama nusu saa. Maelezo yote yanayofuata ni ya mbio hizi tu.

Kwenye kadi (orodha ya farasi wa mbio) naona "5/0312-41" mbele ya jina. Hiyo ni nini?

Ni fomu ya farasi, yaani nafasi alizomaliza kwenye mbio zake zilizopita. Kwa kadi za Uingereza, ya karibuni kabisa iko kulia. Kwa hiyo huyu alishinda mara ya mwisho, na kabla ya hapo alikuwa wa nne. Kistari kinatenganisha msimu huu na uliopita: msimu uliopita alimaliza na nafasi ya pili, kabla yake alishinda, kabla yake akawa wa tatu, na kabla yake 0, ambayo maana yake ni wa kumi au nyuma zaidi. Mkwaju (/) unaonyesha pengo kubwa zaidi la muda. Ile 5 ni ya zamani, usiipe uzito.

Kwenye mbio za kuruka viunzi utaona na herufi. F ni farasi aliyeanguka, U ni aliyemwangusha mpandaji, P ni aliyesimamishwa na mpandaji kabla ya mwisho, R ni aliyegoma, B ni aliyeangushwa na mwenzake. Usizihesabu zote kuwa sawa. Farasi mwenye B hakufanya kosa lolote. Mwenye P mbili mfululizo ana shida, iwe ya mwili au ya moyo.

Pembeni mwa jina kunaweza kuwa na C (amewahi kushinda uwanja huo), D (amewahi kushinda umbali huo), CD (vyote kwa pamoja, ndani ya mbio moja), na BF (mara ya mwisho yeye ndiye aliyepewa nafasi kubwa, akashindwa).

Basi mwenye 1 nyingi ndiye wa kuchagua?

Hapa ndipo watu wengi hupotelea.

Mnunuzi mzoefu wa korosho hanunui gunia kwa kulitazama kwa nje. Anachukua sampuli, anapima unyevu, anapasua, anahesabu kokwa nzima na mbovu, ndipo anaposema bei. Zile namba za fomu ni gunia kwa nje. Lazima uzipasue.

Chukua farasi wawili. Wa kwanza anaonyesha 111, wa pili anaonyesha 465. Ukifungua matokeo kamili ya wa kwanza, unakuta ushindi wake wote ni kwenye mbio za daraja la 6 (namba ikiwa kubwa, mbio ni za chini), umbali wa mita 1,200, ardhi kavu. Wa pili alikuwa wa nne, wa sita na wa tano kwenye daraja la 2, na ile ya tano aliachwa na mshindi kwa urefu wa farasi wawili tu, kama mita tano hivi. Leo wote wawili wanakutana daraja la 4, mita 1,600, ardhi imeloa. Yule wa 111 anapanda daraja, anaongezewa umbali na anabadilishiwa ardhi, yote kwa siku moja. Yule wa 465 anashuka kukutana na walio dhaifu zaidi. Mimi ningeanzia kwa wa pili, na mara nyingi ndiye mwenye odi nzuri, kwa sababu umati umevutwa na zile moja tatu.

Kwa hiyo kila namba iulize maswali haya: alikimbia na nani, umbali gani, ardhi ya namna gani, amebeba uzito kiasi gani, na aliachwa kwa kiasi gani. Wa pili aliyeachwa kwa pua si sawa na wa pili aliyeachwa urefu wa farasi kumi.

Umbali una tofauti kubwa hivyo?

Kubwa sana. Uingereza hupima kwa maili na falongo, na falongo moja ni kama mita 200. Mbio fupi za falongo tano ni mita 1,000, zinaisha kwa dakika moja au chini yake kidogo. Derby ya Epsom, inayokimbiwa tangu 1780, ni kama mita 2,400. Grand National ya Aintree ni karibu kilomita 7 na viunzi 30 vya kuruka. Farasi wa mbio ya kwanza na wa mbio ya mwisho wanafanana kwa umbo tu.

Cha kutafuta: farasi aliyemaliza wa nne au wa tano kwenye mbio fupi huku akiwa ndiye anayekimbia kwa kasi zaidi mwishoni. Maelezo ya mbio hutaja jambo hilo, kwamba alichelewa kuchanganya lakini alikuwa anawafikia. Huyo akiongezewa mita 200 au 400, mtazame kwa makini. Kinyume chake, aliyeongoza akaishiwa pumzi mita mia za mwisho anaweza kufaidika akipunguziwa.

Hali ya ardhi naijuaje nikiwa Mtwara?

Hutangazwa asubuhi ya siku ya mbio na huandikwa kwenye kadi. Kwa Uingereza ngazi zinaanzia ardhi ngumu na kavu, zinapita ile nzuri ya wastani, hadi laini, na mwisho nzito, yaani tope. Mvua ikinyesha mchana, tangazo hubadilika, na wewe unapaswa kubadilika nalo.

Kuna farasi ambao kwenye tope wanageuka wengine kabisa. Mwenye fomu ya 8070 wakati wa kiangazi anaweza kuwa alishinda mara mbili kwenye ardhi nzito majira ya baridi yaliyopita. Umati unaona 8070, wewe unaona mvua ya jana. Kama ningeambiwa nibaki na kipimo kimoja tu kati ya vyote, ningebaki na hiki, kwa kuwa ndicho wavivu wanachokiruka.

Viwanja vya mchanga uliochanganywa na nyuzi havisumbuliwi sana na mvua. Huko fomu hutulia zaidi, na ni mahali pazuri kwa anayejifunza.

Uzito: kwa nini farasi bora anabebeshwa zaidi?

Kwenye mbio za handikapu, mpimaji rasmi humpa kila farasi alama kulingana na alichokwisha kufanya, kisha uzito unapangwa ili, kwenye karatasi, wote wafike pamoja. Akishinda, alama inapanda na mzigo unaongezeka. Akishindwa mara nyingi, inashuka.

Kadi za Uingereza huandika kwa stone na pauni: 9-7 ni stone 9 na pauni 7, kama kilo 60, pamoja na mpandaji na tandiko lake. Afrika Kusini wanaandika kilo moja kwa moja. Kwa kukadiria, kwenye mita 1,000 kilo moja na robo hivi ni sawa na urefu wa farasi mmoja, na kwenye mita 2,400 inatosha nusu kilo na kidogo. Kwa hiyo ikiwa A alimshinda B kwa urefu wa farasi wawili kwenye mita 2,400 wakiwa na uzito sawa, na leo A ameongezewa kilo mbili, karatasi inasema B anatangulia.

Tafuta farasi ambaye alama yake imeshuka hadi pale alipowahi kushinda, kisha akaonyesha dalili ya uhai kwenye mbio ya mwisho. Wakufunzi wenye subira huwasubirisha farasi wao hadi hapo.

Namba ya geti ina maana?

Inategemea uwanja. Chester ni uwanja mdogo wa mviringo wenye kona kali za kushoto, na kwenye mbio fupi aliye kwenye geti la namba ndogo ana faida ya wazi kwa sababu anakimbia njia fupi ya ndani. Kwenye njia iliyonyooka faida hiyo haipo kwa namna hiyo. Pamoja na geti, angalia nani wanapenda kuongoza. Wakiwa wengi watagombana na kuchoshana, na anayetoka nyuma atafaidika. Akiwa mmoja peke yake, anaweza kuiba mbio kutoka mwanzo.

Joki (mpandaji) na mkufunzi wanachangia?

Ndiyo, ila wageni huwapa sifa kupita kiasi. Joki mashuhuri hupunguza odi ya farasi kuliko anavyoongeza nafasi yake. Mkufunzi ndiye wa kumfuatilia zaidi: zizi lake likiwa limetoa washindi wiki mbili hizi, farasi wake wako vizuri kiafya, likiwa limekauka, huenda kuna homa zizini. Angalia pia joki mdogo anayejifunza kazi, ambaye hupunguziwa pauni 7, 5 au 3. Kijana mwenye kipaji anayepunguziwa pauni 5 ni zawadi.

Farasi amepumzika siku 200. Nimwache?

Usimwache kwa sababu hiyo tu. Tazama kama amewahi kushinda baada ya mapumziko marefu. Wengine wako bora wakiwa na mwili mpya, wengine wanahitaji mbio moja ya kujinyoosha. Siku tangu mbio ya mwisho kwa kawaida huandikwa kwenye kadi.

Anayepewa nafasi kubwa hushinda mara ngapi?

Kwa Uingereza, takriban mara moja kati ya tatu. Maana yake mara mbili kati ya tatu hashindi, na hapo ndipo usomaji wako una kazi.

Maajabu hutokea. Foinavon alishinda Grand National ya 1967 kwa odi ya 100 kwa 1, baada ya farasi waliokuwa mbele kugongana na kurundikana kwenye kiunzi cha 23, naye akitokea nyuma akapata upenyo. Rich Strike aliingizwa kwenye Kentucky Derby ya Marekani ya 2022 siku moja kabla, mwenzake alipoondolewa, akashinda kwa 80 kwa 1. Ni habari tamu, lakini usijenge utaratibu juu yake. Farasi wa odi kubwa sana, wakijumlishwa kwa muda mrefu, ndio wanaorudisha hela kidogo zaidi kwa kila shilingi iliyowekwa. Hilo limepimwa tangu miaka ya 1940 na bado linaonekana.

Kwa hiyo nikishampata bora, naweka?

Bado. Kuna swali la bei. Gawa 100 kwa odi, utapata asilimia ambayo soko linampa. Odi 4.00 ni asilimia 25. Odi 2.50 ni asilimia 40.

Sasa chukua mbio ya farasi sita wenye odi 2.50, 4.00, 5.00, 8.00, 10.00 na 12.50. Asilimia zao ni 40, 25, 20, 12.5, 10 na 8. Jumla 115.5. Uhalisia hauwezi kuzidi 100, kwa hiyo ile 15.5 ya ziada ni ya kampuni. Kabla hujasoma fomu yoyote, tayari uko nyuma kwa kama shilingi 13 kwa kila 100 unazoweka, na usomaji wako lazima ukuvushe hapo kwanza.

Ndiyo sababu nasisitiza uandike makadirio yako kabla ya kutazama odi. Ukiona farasi ana nafasi moja kati ya nne, bei yake halali ni 4.00. Ukikuta 5.00, kuna kitu. Ukikuta 3.00, hata kama unaamini ndiye bora, kaa pembeni. Kupata farasi bora na kupata dau zuri ni kazi mbili, na ya pili ndiyo inayoamua mfuko wako.

Nikiwaweka wanne kwenye mkeka mmoja?

Kama kila mmoja ana nafasi moja kati ya tatu, wote wanne kushinda ni mara moja kati ya 81. Na ile sehemu ya kampuni inajizidisha: kama kila odi inakurudishia kwa wastani senti 90 kwa shilingi, wanne pamoja wanakurudishia kama senti 66. Mikeka ya farasi huchanika haraka kuliko ya mpira. Weka mmoja mmoja.

Kuna dau la kushinda au kushika nafasi. Linafaa?

Linafaa kwa farasi wa odi ya kati kwenye mbio yenye washindani nane au zaidi, ambapo nafasi tatu hulipwa. Ni madau mawili. Ukiweka shilingi 1,000 kila upande unalipa 2,000. Farasi wa odi 9.00 akiwa wa tatu, na sehemu ya nafasi ikilipwa moja ya tano, unapata 2,600. Akishinda unapata 11,600. Soma masharti ya duka lako kwanza, maana hayalingani.

Kuna mtu WhatsApp anauza farasi wa uhakika. Nimlipe?

Hapana. Fikiria ana makundi manane na mbio ina farasi wanane. Kila kundi analitumia farasi tofauti. Kundi moja lazima lipate mshindi, na hilo ndilo analolirudia kesho kuomba hela, akiwa na picha ya tiketi mkononi.

Mbio zinaanza saa ngapi kwa saa zetu?

Uingereza wako nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi chao. Mbio ya saa 8 mchana kwao ni saa 11 jioni kwetu wakati wa baridi, au saa 10 wakati wa kiangazi. Afrika Kusini wako nyuma kwa saa moja tu. Durban July, mita 2,200 pale Greyville mwanzoni mwa Julai, unaitazama alasiri bila kukosa usingizi. Mbio za karibu zaidi na sisi ni za Ngong, Nairobi.

Mbona kusini kwetu farasi hawapo?

Sababu kubwa ni mbung'o. Mapori ya kusini yamejaa wadudu hao, na ugonjwa wa nagana wanaoueneza huua farasi upesi. Livingstone alipoanza safari yake ya mwisho kutoka Mikindani mwaka 1866, alikuja na ngamia, nyati wa India, nyumbu wa kubeba mizigo na punda, akitaka kuona kama watahimili mbung'o wa bonde la Ruvuma. Walikwisha njiani. Juu ya nagana kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi.

Mimi ni Muislamu. Kufuatilia mbio ni dhambi?

Kubeti ni kamari, na hukumu yake inajulikana. Sitakutafutia mlango wa nyuma. Mbio zenyewe ni jambo jingine. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) aliwashindanisha farasi: waliozoezwa kutoka al-Hafya hadi Thaniyatul Wadaa, na wasiozoezwa kutoka hapo hadi msikiti wa Bani Zuraiq, umbali mfupi zaidi. Kumpangia farasi umbali kulingana na maandalizi yake ni elimu ya zamani. Wapo wanaosoma fomu, wanaandika chaguo lao kwenye daftari, na hawaweki hata senti. Mengine muulize sheikh wako.

Malipo ya korosho yameingia. Nitenge kiasi gani?

Hela ya mnada ina wenyewe: ada ya shule, salfa ya msimu ujao, madeni ya dukani. Mbio za farasi hazimo kwenye orodha hiyo. Anayeweka, aweke kile ambacho angekitumia kwa burudani nyingine, kiwango kilekile kila mbio, na asiongeze dau ili kurudisha kilicholiwa. Chini ya miaka 18 sheria hairuhusu, na duka lazima liwe na leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Ukiona umeanza kukopa au kumficha mwenzako nyumbani, simama kabisa na mwambie mtu unayemwamini.

Nianzie wapi?

Chagua uwanja mmoja, wa mchanga ikiwezekana, na mbio za umbali wa aina moja. Usiku uliotangulia chapisha kadi au inakili. Kwa kila farasi andika mstari mmoja: daraja alilotoka, umbali, ardhi, uzito ukilinganisha na mara ya mwisho, siku alizopumzika. Futa wasioweza, mara nyingi nusu huondoka hapo. Waliobaki wape asilimia, jumla ifike 100. Baada ya mbio rudi kwenye karatasi yako na usome maelezo ya mbio yote, hasa ya wale uliowafuta wakafanya vizuri. Fanya hivyo bila hela kwa mwezi mzima wa mbio, kisha linganisha: wale uliowapa asilimia 25, robo yao walishinda kweli? Kama walishinda wachache zaidi, makadirio yako yamevimba, na karatasi itakuonyesha ni kwenye ardhi, umbali au uzito ndipo unapokosea.